Kitambaa Kilichobaki Ndani

Fundi cherehani wa baraza yetu hapa Lushoto mjini habakizi kitu. Akikupunguzia nguo, kitambaa kinachozidi anakikata palepale, na ukimwomba akiache atakuambia kinavimbisha mshono. Mimi nauza uzi na vifungo mlango wa pili, na nimemsikia akiwaambia hivyo wateja wa kila namna, pini mdomoni, bila kuinua macho. Mwaka jana mke wake alianza matibabu ya saratani ya damu, akawa anakonda. Kila waliporudi kutoka hospitali, fundi alilitoa gauni lake la bluu la kanisani na kulipunguza kidogo kila upande. Alifanya hivyo mara nne, na mkasi hakuugusa hata mara moja. Mishono ilinenepa kama kamba. Nilipoitazama, aliligeuza gauni upande wa pili.

Jana mama huyo alikuja barazani kwa miguu yake mwenyewe. Daktari amemwambia damu imekaa vizuri, arudi baada ya miezi mitatu.

"Baba Bryson, gauni linanibana, hata mikono siinui."

Nikampa kanga, akabadilisha dukani kwangu. Fundi akachukua wembe, akafumua mistari yote minne, huku akiimba sauti ya nne ya wimbo wa kwaya. Kitambaa kilichotoka ndani kilikuwa bado na bluu yake ya dukani, wakati cha nje kimeshapauka kwa jua.

"Alama itaonekana," mkewe akasema.

"Ionekane," akajibu, akavuta pasi ya mkaa.