Mahali Tantine Alipofungia Kitabu

Mawese yakianza kunukia kwenye sufuria, mimi sifikirii sombe, mboga ya majani ya muhogo, kama watu wenye akili timamu. Nafikiria riwaya.

Kwetu Kamina, jikoni nyuma ya nyumba, Tantine Marthe, dada ya baba yangu, alitusomea kitabu cha Kifaransa akikigeuza Kiswahili palepale mdomoni, sisi tukipukuchua mahindi. Kilihusu msichana aliyetoroka kijijini kwenda kusoma mjini, baba yake akiwa hataki. Tantine alikuwa na sauti! Hata mji wa mbali wa Kabongo walisikia, naapa.

Kila msikilizaji alikuwa na lake. Mama alisema msichana yule hana adabu. Angechapwa mapema, kitabu kingeisha ukurasa wa pili. Jirani yetu Mama Ngalula alilia machozi ya kusongea bukari, ugali wetu, ya harusi nzima: "Bamuache mutoto asome!" Papa, aliyejifanya anatengeneza redio mlangoni, aliguna tu.

Guno hilo lilinihusu. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi, na Papa alikuwa hajakubali niende sekondari; aliogopa masomo yangemnyang'anya binti. Jioni moja akatamka: "Tutaona huyu wa mu kitabu atafika wapi. Akiharibika, na wangu atabakia ku nyumba."

Basi nikaacha kupukuchua, nikawa wa kusali. Msichana wa karatasi nilimwombea kuliko wagonjwa wa kanisa zima.

Siku ya mwisho Tantine alichovya kidole kwenye mawese, akaonja, akaendelea. Msichana alirudi na diploma yake, baba akamwona kwa mbali anakuja. Hapo Tantine akashika mahali kwa kidole, macho yakikimbia kwenye kurasa zilizobaki.

"Baba yake akamukumbatia," akasema, "akachinja mbuzi. Njo mwisho." Akakifunga, pap!

"Mwisho kweli?" Papa akauliza.

"Yaya, kamata basi, usome weye mwenyewe!" Tantine akamjibu kaka yake mkubwa, akimnyoshea kitabu.

Tukaangua kicheko, maana Kifaransa cha Papa kilikomea bonjour. Naye akacheka, akaweka redio chini. "Aya. Mbuzi yangu iko pale. Aende kusoma."

Nilishusha pumzi iliyokaribia kuzima moto wa jikoni.

Ndoa na watoto vilinikatiza njiani, lakini nilimalizia sekondari katika shule ya jioni, na mwalimu akatupa riwaya ileile. Nikaenda na nakala ya Tantine. Darasa likagawanyika: hawa wanasema mwisho ni katili mno, wale wanasema ndiyo maisha yenyewe.

"Katili? Na mbuzi je?" nikauliza. Wakanicheka hadi madirisha yakatikisika.

Nikafungua. Baba anamfungia binti mlango, binti anaondoka na mvua. Mbuzi hakuna, hata kwato. Lakini pale baba anapomwona kwa mbali, kulikuwa na alama ya kidole, ya mawese, bado nyekundu. Ndipo nilipoelewa kwamba jioni ile Tantine hakuwa akitusomea sisi wapukuchuaji. Alikuwa akimsomea mtu mmoja, pale mlangoni.

Mwalimu akaniuliza maoni yangu. Nikasimama, nikasema riwaya hii ni nzuri kupita zote duniani, hadi kwenye alama ya kidole.