Gari la Marehemu wa Adungosi

Watu husema nilidanganywa kwa sababu sikusoma. Si kweli. Niliishia darasa la sita, sawa, lakini namba nazijua, na ile namba niliyoisoma kwenye dashibodi ilikuwa ya haki. Kilomita elfu ishirini na sita, kwa gari lililopita miaka ishirini. Ningekuwa nimedanganywa namba, leo ningekuwa na mtu mmoja tu wa kumlaumu.

Zamani nilikuwa mtu wa boda boda Malaba. Nilibeba madereva na wachuuzi kando ya foleni ya matrela, mpaka siku trela moja liliporudi nyuma, dereva wake macho kwenye simu. Alisema mimi ndiye nilikuwa siangalii. Nilitoka hai, mguu wa kushoto ukiwa na vyuma na goti lisilokunja. Baada ya hapo nilikaa kwa kiti nyumbani Adungosi, mwaka ukaisha, wa pili ukaisha. Pikipiki siwezi kupanda. Nikitaka kwenda mahali naomba mtu, na mtu ukimwomba mara tatu, ya nne anakuona kwa mbali anageuza njia.

Fidia ilipotoka nikasema hii ni pesa ya mguu, basi inunue mguu. Nilitaka gari la otomatiki, maana kukanyaga klachi siwezi. Nilitaka kitu kimoja tu maishani: kutoka nikitaka, kurudi nikitaka, bila kusema tafadhali.

Ndugu yangu, mtoto wa mama yangu, ni broka wa magari Busia. Akaja mbio.

"Boss, kuna gari hapa hapa Adungosi halijatembea."

"Gari lisilotembea ni jiwe."

"Wewe sikia. Mzee wa upande ule wa soko alinunua, macho yakafa, akalifunika turubai. Otomatiki. Sasa mzee amezikwa, kijana wake wa kwanza anauza."

Matanga ya huyo mzee niliyasikia nikiwa kwa kiti changu, vipaza sauti usiku kucha. Wiki tatu zilikuwa hazijaisha.

Huku kwetu kila mtu anaogopa mita iliyorudishwa nyuma. Mimi pia niliogopa hiyo tu. Nikaleta fundi kutoka Busia, akalala chini ya gari asubuhi nzima. Akaangalia mpira wa pedali ya breki, usukani, nailoni ambayo bado ilikuwa imefunika kiti cha nyuma. Tairi zilikuwa zimepasuka kwa kusimama, betri imekufa, mipira ya breki imekauka. Vyote tukabadilisha. Akasema, "Mita haijaguswa. Ukiacha hii, nanunua mimi." Fundi simlaumu. Alifanya kazi aliyoitiwa.

Wa kulaumiwa ni wengine, na mimi ni mmoja wao. Hapa mtu akizikwa, mali yake haiguswi mpaka ukoo ukae. Hata jembe. Wazee wanakaa, wanauliza nani alimdai, wajane wanapata nini, watoto wanapata nini, ndipo kitu kinatoka kwa boma. Hayo nayajua tangu tulipokaa kwa ajili ya baba yangu. Huyo kijana angekuwa anauza ng'ombe, swali la kwanza lingekuwa: mmeketi? Lakini lilikuwa gari. Gari nililiona kama kitu cha serikali, kitu cha namba na karatasi. Sikuuliza.

Huyo kijana wa kwanza ni mtu wa rika langu, anafanya biashara ya mchele Rukala. Alikula pesa yangu akijua mama zake hawajaulizwa. Na yule naibu wa chifu aliyegonga muhuri kwenye makubaliano yetu ndiye aliyehutubia kwenye mazishi. Aligonga, akanipa mkono, akasema Mungu abariki safari.

Safari ilikuwa siku tano. Siku ya kwanza nilienda Malaba peke yangu. Watu wa stegi yangu ya zamani walipiga honi za pikipiki zote, mmoja akalala juu ya boneti akisema hashuki. Nilikaa nao mpaka jua likaelekea Tororo. Hiyo siku hakuna mtu aliyenisaidia kusimama.

Siku ya sita nilikuwa nafuta vioo, mama mmoja wa makamo akaingia bomani. Hakupiga hodi. Alifungua mlango wa mbele, akakaa, akaweka mkoba magotini.

"Mama, unataka nikupeleke wapi?"

"Sipelekwi. Nimefika."

Ndipo akaniambia yeye ni mke mdogo wa marehemu.

"Hii gari nimenunua, mama. Nina karatasi."

"Imetiwa sahihi na nani? Mume wangu? Amefufuka lini, na mbona hakupitia nyumbani?"

Mke wangu alikuwa anamenya muhogo pale mlangoni. Alicheka mpaka kisu kikaanguka.

"Unacheka nini?" nikamwuliza.

"Wewe ungenunua kuku wa matanga?" akasema.

Yule mama alikaa siku tatu. Usiku alilala na binti zangu, asubuhi akanywa chai yetu, akarudi kwenye kiti. Aliomba mto wa mgongo na mke wangu akampa. Nikamwita ndugu yangu. Alikuja akasimama nje ya lango, mguu mmoja ukiwa tayari kukimbia.

"Ulijua hawajaketi?"

"Nilijua. Lakini ningekuambia usingenunua, na vile ulikuwa unataka! Nilikusaidia."

Nilishindwa kumpiga kwa sababu ya goti.

Ukoo ulipokaa, mimi nilipewa kiti cha plastiki kando, kama mwizi mwenye heshima. Kijana wa kwanza alisema pesa aliweka kwenye mchele, na mto Nzoia ulivunja kingo ukabeba mchele. Logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, bado ni ya jina la marehemu. Bila barua ya urithi kutoka kortini haibadilishwi, na barua inataka sahihi za watoto wote. Huyo kijana hatii sahihi mpaka ahakikishiwe hatarudisha kitu. Kesi ya urithi inasomwa, inaahirishwa.

Mzee mmoja wa ukoo akatoa hukumu, na wengine wakaona ana busara sana. "Mnunuzi hakuiba, asinyang'anywe. Mjane hakuuza, asinyang'anywe. Gari litembee wakiwa ndani wote wawili."

Kwa hiyo gari linalala kwangu na ufunguo unalala kwake. Jumapili anakuja na ufunguo, nampeleka kanisani na kumrudisha. Siku ya soko nampeleka na magunia yake ya karanga. Siku nyingine niko kwa kiti, gari liko mbele yangu, hatua sita. Nikijaribu kuliuza, siwezi. Nikijaribu kulirudisha, hakuna wa kulipokea.

Si mtu mbaya, nitasema hivyo. Ananunua mafuta nusu. Lakini majuzi baada ya ibada nilimwambia, "Mama, tupitie Malaba. Dakika kumi tu, niwaone watu wa stegi."

"Kuna nini huko?"

"Watu wangu."

Alitazama barabara mbele, pale njia ya kwetu inapokata kwenye mashine ya kusaga unga, Biblia magotini.

"Hao watu wako wana pikipiki, sivyo? Wakikumiss watakuja. Mimi nimeacha maharagwe motoni."

"Mama, tafadhali."

"Kata kushoto hapo kwa posho mili."

Nikakata kushoto.