Klachi ya Elisaria

Elisaria aliikataa kazi ya getini. Meneja wa kampuni aliyokuwa akiiendeshea watalii alimpigia simu baada ya Elisaria kutoka hospitali, akamwambia wamemtafutia nafasi ya kufungua na kufunga geti la ofisi, na kiti cha kukalia kitakuwepo. Meneja alisema kwa upole, na Elisaria alimjibu kwa upole vilevile.

"Nashukuru sana, bosi. Ila mimi ni dereva. Nikishindwa kabisa, nitakuja."

Mkewe Lukresia, aliyekuwa akichambua vitunguu barazani, aliinua kichwa. "Sasa umemwambia utaendesha nini?"

"Sijamwambia. Hajaniuliza."

Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekatwa chini kidogo ya goti. Alikuwa akibadilisha tairi kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Sale, jeki ikateleza, gari likamshukia. Watalii wenyewe ndio waliolinyanyua wakamtoa. Mguu wa kulia ulibaki mzima, na Elisaria alikuwa akisema kwamba kwa dereva huo ni mgawanyo mzuri: wa kulia ndio wenye kazi mbili, mafuta na breki, na wa kushoto una kazi moja tu, ya klachi. Watu walidhani anajifariji. Yeye alikuwa anapiga hesabu za kazi.

Siku hizo nyumba yao ya Karatu mjini iliendeshwa na Lukresia. Alinunua vitunguu Mang'ola, akavipakia kwenye malori ya wafanyabiashara, kisha akarudi amekaa juu ya magunia, amejifunika kitenge usoni na bado vumbi linampata. Elisaria alimwona anavyoshuka lori ameshika kiuno, akisimama kidogo kabla ya kupiga hatua. Hakulalamika. Hilo ndilo lililomuuma mumewe zaidi.

Na gari walikuwa nalo. Lilikuwa Rhotia, nyumbani kwa wazazi wa Lukresia, limesimama nyuma ya zizi. Landrova ndefu ya dizeli, ambayo marehemu baba mkwe wake, mzee Tluway, aliitumia kubebea ngano, mahindi, wagonjwa na maharusi. Tangu afariki haikuwashwa. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha nyuma na matairi yalikuwa yamezama ardhini. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja na mizani yao zaidi ya mara moja, na mjane wa mzee, Brigita, aliwarudisha walikotoka.

Elisaria alipanda bodaboda na magongo yake mapajani, akaenda Rhotia kumwona mama mkwe.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba gari."

"Marahaba. Kuuza?"

"Kuendesha."

Mama Brigita aliyatazama magongo, kisha akamtazama usoni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, Mwiraqw wa kulima, mikono mipana kama ya mwanamume. "Mume wangu aliniachia gari, hakuniachia vyuma," alisema. "Lichukue. Lakini safari ya kwanza ni yangu. Utanipeleka Engaresero kwa Veronika."

Veronika alikuwa kitinda mimba wake. Aliolewa na kijana wa Kimaasai aitwaye Lengai, wakahamia kando ya Ziwa Natron ambako walikuwa na kambi ndogo ya wageni wa mahema. Harusi ilifanyikia Karatu, na tangu hapo mama hakuwahi kufika kwa mwanawe. Nyonga zake hazikuruhusu pikipiki. Wajukuu aliwajua kwa picha za simu.

"Nitakupeleka, mama," Elisaria alisema, kama mtu anayeulizwa kama atapita dukani.

Landrova ilivutwa na trekta la jirani hadi gereji ya Dennis, fundi mwenye asili ya Kilimanjaro aliyekuwa akilihudumia gari la Elisaria enzi za watalii. Dennis alilizunguka mara moja, akapiga bodi kwa kiganja, akafungua boneti. Injini ilikuwa imeganda. Hawakuwa na uwezo wa kununua nyingine, hata ya mtumba, kwa hiyo walimwaga dizeli ndani ya silinda, wakaiacha iloweke, wakaijaribu, wakamwaga tena. Siku ilipokubali kuzunguka kwa mkono, Dennis alikaa chini akacheka peke yake.

Kazi iliyobaki waliifanya kidogokidogo, kwa vitu vya watu. Springi zilitoka kwenye gari la watalii lililopinduka na kufunguliwa kipande kipande. Rejeta ilizibwa, ikavuja, ikazibwa tena. Viti vya mbele walipewa na fundi mwenzao aliyekuwa akiweka vipya kwenye gari la tajiri. Lukresia akavishonea turubai nzito kwa sindano ya magunia. Emmanueli, kaka yake Lukresia, alikuja kusugua kutu na kupaka rangi kwa brashi, na ukikaribia uliona njia za brashi zote. Kwa ajili ya mama Brigita, Elisaria aliagiza ngazi ya bomba ichomelewe chini ya mlango wa kushoto, karibu kabisa na ardhi, pamoja na mshikio wa kujivutia.

Emmanueli ndiye aliyeuliza swali ambalo wengine walilimeza. "Shemeji, gari litawaka. Nakubali. Lakini hii ni ya gia. Klachi utakanyaga na nini?"

"Na mkono," Elisaria alisema.

Walianza na mkono kweli. Dennis alichukua mshikio wa klachi ya pikipiki, akaufunga kwenye fimbo ya gia na kuvuta waya hadi kwenye pedeli. Waya ukakatika siku ileile. Klachi ya Landrova si ya kubembelezwa na vidole. Wakaweka fimbo ndefu ya bomba upande wa mlango, ya kusukuma kwa mkono wa kulia. Hiyo ilikuwa na nguvu. Elisaria aliwasha, akasukuma fimbo kwa mkono wa kulia, akatia gia kwa mkono wa kushoto, na usukani ukabaki hauna mwenyewe. Landrova ikatambaa mpaka kwenye rundo la matairi ya Dennis na kuzimika hapo.

Mafundi wa jirani walicheka. Elisaria naye alicheka, akashuka, akalizunguka gari kuangalia kama bampa imepinda. Lakini jioni, alipofika nyumbani, Lukresia alimwona ameketi bila kuvua koti.

"Kama haiwezekani, hakuna atakayekulaumu," alimwambia.

"Inawezekana. Sijajua tu inawezekana wapi."

Jibu lilikuja wakati hawalitafuti. Siku chache baadaye Elisaria alikuwa gereji akikata mbao za sakafu ya nyuma ya gari. Aliuweka ubao kwenye benchi, akaukandamiza kwa paja la kushoto, kigutu kikiwa kimening'inia pembeni, akawa anapitisha msumeno. Dennis alitaka kuusogeza ubao ule ili apite. Akauvuta. Haukusogea. Akauvuta tena.

"Mzee, toa basi mguu."

Elisaria aliacha kukata. Alilitazama paja lake, kisha akamtazama Dennis. "Vuta tena," alisema. "Kwa nguvu zako zote."

Dennis alivuta mpaka akatoa kijasho. Ubao ulibaki palepale.

Asubuhi iliyofuata walikiondoa kiti cha dereva. Walitengeneza mkono wa chuma uliopita chini ya paja la kushoto, wenye bawaba kwenye fremu ya kiti, na mbele yake kijiti cha kusukuma pedeli. Juu ya mkono ule Lukresia alishona mto wa ngozi ya ng'ombe uliojazwa sufi. Elisaria akikandamiza paja chini, klachi inaingia, akilinyanyua, inarudi. Mikono yote miwili inabaki huru. Akitaka kupumzika analegeza mguu pembeni, kwenye kijukwaa kidogo, asije akaiunguza klachi kwa kuilalia.

Hakufaulu mara moja. Landrova iliruka kama mbuzi, ikazima, ikaruka tena. Paja lilivimba, ngozi ikachubuka juu ya goti, Lukresia akamkanda kwa maji ya moto na kumwambia apumzike. Alipumzika, kisha akarudi. Alifanya mazoezi kwenye uwanja mtupu nje ya mji, halafu kwenye kilima, akisimama katikati ya mwinuko na kuondoka bila gari kurudi nyuma. Alipojiamini alimwendea mkaguzi wa magari, akamwonyesha kila kitu bila kuficha. Mkaguzi aliinama chini ya usukani kwa muda mrefu, akataka mkono ule uwekewe kizuizi usije ukanasa, akaja tena kuona kama kimewekwa. Kisha akakaa kiti cha abiria na kumwambia, "Twende kwenye mlima." Walipanda, wakasimama, wakaondoka, wakashuka. Mkaguzi alifungua mlango. Alisema tu, "Una miguu mitatu wewe," na Elisaria akajua amepita.

Safari ya Engaresero waliianza asubuhi yenye ukungu. Mama Brigita alipanda kwa ngazi yake bila kushikwa na mtu, akakaa mbele na kapu la maharage miguuni. Lukresia alikaa nyuma na ndizi, mchele na kuku wawili. Waliteremka kona za bonde la ufa hadi Mto wa Mbu kwa gia ndogo, injini ikilishika gari, Elisaria akigusa breki kwa nadra. Mama mkwe alikuwa ameushika mshikio kwa mikono miwili. Walipofika tambarare aliuachia.

"Unaendesha kama baba yao," alisema.

Walikata kushoto, wakaacha lami. Baada ya Engaruka barabara iligawanyika kuwa mapito mengi ya mchanga na majivu ya volkano, yakikatwa na makorongo makavu. Katika korongo moja lenye mchanga mwingi, Elisaria akiwa anabadilisha gia, kulisikika mlio mkali chini ya kiti. Mkono wa klachi ukalegea. Pini ya bawaba ilikuwa imekatika na kuangukia mchangani.

Landrova ilizimika ikiwa imeelekea ukingo wa ng'ambo. Hakukuwa na gari lingine mbele wala nyuma. Lukresia alishuka, akachakura mchanga kwa mikono, akapata kipande kimoja kisichofaa kitu.

"Tusubiri mtu apite?" aliuliza.

Elisaria alikuwa anafikiri. Zamani, kabla hajawa dereva wa watalii, aliendesha lori la mazao lililokuwa likiharibika klachi kila wiki, na mwenye lori hakuwa na habari. "Hatusubiri," alisema. "Panda. Mama, shika vizuri. Tutaondoka kwa stata."

Aliweka gia ya chini kabisa gari likiwa limezima, akageuza ufunguo. Stata ililia, gari likajivuta na gia yake, likajivuta tena, injini ikashika. Wakapanda ukingo polepole, mchanga ukimwagika nyuma. Juu, alipotaka gia ya pili, aliisikiliza injini, akaachia mafuta, akavuta fimbo katikati, akangoja sauti ishuke, kisha akaisukuma. Iliingia bila kelele.

"Sasa usiniombe kusimama," alimwambia mkewe.

Lakini walisimama. Mbele, ng'ombe wengi walikuwa wanavuka, na mchungaji wao, mwanamume wa makamo aliyejitambulisha kwa jina la Senteu, alikuja dirishani kusalimia. Elisaria alizima gari na kuongea naye kwa utulivu kana kwamba betri yao ya mtumba ingeweza kuwasha siku nzima. Senteu aliona mto wa ngozi na chuma kilicholegea, akataka kuelezwa. Alipoelezwa, alichungulia kigutu, akachungulia chuma, akasema kwa Kimaa, "Sidai," yaani vizuri. Ng'ombe walipokwisha, Elisaria aligeuza ufunguo. Stata ilisita. Mama Brigita alifumba macho. Kisha gari likajivuta, likashika.

Hawakusimama tena mpaka kwenye uwanja wa kambi ya Lengai. Veronika alitoka jikoni na unga mikononi. Alimwona mama yake anashuka ngazi, mguu mmoja, halafu mwingine, akabaki ameduwaa. Mama alimwita kwa Kiiraqw, kwa jina la utotoni ambalo hata Lukresia alikuwa amelisahau. Walishikana, unga ukijaa kwenye kitenge cha mama. Watoto wawili walisimama nyuma ya hema wakimtazama bibi yao wa kwenye simu.

Elisaria hakuenda kuwasalimia kwanza. Alibaki kwenye kiti, mikono juu ya usukani, paja limelegea kwenye kijukwaa chake. Lukresia alikuja kusimama dirishani.

"Unalia?"

"Ni majivu ya huu mlima."

Lengai alimpa bolti nene iliyokuwa imeshika jiko la chuma la kambi, wakaikata kwa msumeno ikawa pini mpya, nzuri kuliko ya kwanza. Walikaa Engaresero mpaka mama Brigita mwenyewe aliposema sasa mashamba yake yanamhitaji.

Siku hizi ukienda Mang'ola wakati wa kuvuna vitunguu utaiona ile Landrova yenye njia za brashi, imeinama nyuma kwa magunia. Lukresia anakaa mbele, si juu ya mzigo. Elisaria anabeba pia vitunguu vya wanawake wengine watatu wanaofanya biashara na mkewe, na Dennis ameshamtengenezea mkono mwingine wa chuma mnene zaidi. Meneja alipiga simu tena msimu uliopita, safari hii akiuliza kama anaweza kufundisha madereva wapya jinsi ya kushuka milima bila kuunguza breki. Elisaria alisema anaweza, siku ambazo vitunguu vinamruhusu.