Vigwe vya Kong

Namuria hakuwahi kununua mnyama bila kudai kamba yake bure. Ndivyo alivyopanda kutoka kuuza makaa kandokando ya barabara ya Lodwar hadi kuwa na ngamia wa kukodisha. Basi siku alipomnunua farasi wa Nyaruach huko Kakuma, alidai na vigwe, zile kamba mbili za ngozi zinazotoka mdomoni mwa farasi hadi mkononi mwa mpandaji.

Nyaruach alikataa. Vilikuwa vya kaka yake Kong, aliyemkokota farasi huyo kutoka Sudan Kusini akaja kuzikwa Kakuma. Farasi aende, vigwe vibaki. Namuria akajifanya anaondoka. Mwenye njaa habishani sana. Hakufika mbali kabla ya kuitwa.

Maharusi wa Lodwar walikuwa wamechoshwa na magari ya riboni. Mzee Lomorukai, mwenye duka la mabati, alishakubali bintiye apelekwe kanisani juu ya farasi Jumamosi. Mambo yakienda sawa, mji mzima utamtafuta Namuria. Bibi harusi akianguka mbele ya watu, basi ni kurudi kwenye makaa.

Taabu ilianzia kwenye mchanga wa mto Kawalase, mchana kweupe, hata upepo hakuna. Kila alipompanda, farasi aliinua kichwa, akaachama, akapinda kushoto. Namuria alivuta kulia kwa nguvu zake zote. Kigwe cha kushoto kikavutwa pia. Aliinama kutazama: shingo ya farasi imenyooka, mdomo umetulia, lakini ngozi ile imekazana na kutetemeka kidogo, kama mshipi ulionasa samaki.

Alimpakia farasi kwenye lori, akarudi Kakuma.

Nyaruach hakuonyesha kushangaa. Alimpandisha Namuria juu ya farasi kwenye mto mkavu wa Tarach, akamtazama akizunguka mara chache.

"Mama, wewe unavuta kama unatoa ndoo kisimani," alisema. "Hiyo ni mdomo."

Akamweleza. Viwiko vilegee, mikono ifuate kichwa kinavyoinama na kuinuka. Kigwe kisining'inie wala kisivute ghafla. Ukitaka akate kona, bana vidole tu, kama unakamua kitambaa. Akikubali, hata kidogo, achia papo hapo. Hilo Namuria alilielewa kuliko mahubiri yoyote: mteja aliyekwisha kukubali bei, ukizidi kumbana, kesho hamwonani.

Akabana, akaachia. Farasi akashusha kichwa, akatafuna chuma cha mdomoni mwake taratibu, akageuka. Namuria akajaribu tena na tena, hadi akahisi mdomo ule mkononi mwake, mwepesi, hai. Kisha, kwa kujipima, akafungua kabisa vidole vya mkono wa kushoto.

Kigwe hakikuanguka. Kilibaki hewani, kimenyooka sawasawa na kifundo cha mkono wake.

"Na huku ni nani?" aliuliza polepole.

Nyaruach alitazama mchanga. "Usishindane na yeye. Wewe mpe nafasi yake." Halafu akasema kwamba kama anaogopa, bado anaweza kuviacha vigwe hapo.

Namuria alipiga hesabu. Vigwe vingine angevitoa wapi kabla ya Jumamosi? Akaondoka navyo.

Siku ya harusi alitangulia kwa miguu, akitawanya watu kwa mwavuli, huku binti wa Lomorukai amekaa juu ya farasi, vigwe mkononi. Farasi alipita katikati ya ngoma na vigelegele kichwa kikiwa chini. Karibu na kanisa ekzosi ya bodaboda ikapiga mlipuko. Farasi akashtuka, miguu ya mbele ikainuka. Vigwe vikabana, vikaachia, naye akatulia.

Bibi harusi aliposhuka alimkumbatia Namuria.

"Asante mama, kwa kunishikilia huu mkono wa kushoto. Nilikuwa natetemeka."

"Ni kazi yangu," alisema Namuria.

Kabla ibada haijaisha, familia mbili zilikuwa zimemfuata. Alizipokea zote, kwa sharti moja: bibi harusi asikaze mkono wa kushoto. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba farasi ana mazoea yake.