Mwamuzi wa Panga za Mwanga

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na saa ya mkononi na daftari, kwa sababu sikujua mwamuzi wa mapambano anatakiwa kubeba nini. Ukumbi wa gemu ulikuwa kata ya Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu, chumba kimoja chenye mabenchi mawili na runinga tatu. Kabla ya hapo nilikuwa mpima majani kwenye banda la chai kwa miaka mingi. Elimu yangu ni ya darasa la saba. Nayataja haya mapema ili msomaji ajue anayesimulia ni nani, asije akanipa sifa nisizostahili.

Aliyeniajiri tulimwita Mwenye Ukumbi. Ni mfanyabiashara, babu yake alitoka pwani akaja na cherehani. Aliniambia vijana wanapenda gemu moja ya miaka elfu nyingi ijayo, watu wanaishi kwenye vyombo kati ya nyota, na manahodha wakikoseana heshima hupigana wawili wawili kwa panga za mwanga. Tatizo ni kwamba pambano likiisha kwenye runinga lilikuwa linaendelea nje, kwa ngumi.

"Mimi sitaki mtu anayejua gemu," alisema. "Nataka mtu ambaye akisema kitu, watu wanaondoka. Wewe ulipima chai za watu na hukuwahi kupigwa jiwe."

Nilimjibu kwamba mawe mawili yalitupwa, ila hayakunipata. Akacheka, akaniajiri.

Kazi yenyewe ilinichukua muda kuielewa. Gemu ile ina mila zake za kupigana, lakini imeziandika kwa Kiingereza, na vijana walikuwa wanabonyeza kitufe ili maneno yapite haraka. Mwenye Ukumbi akamwomba mwalimu mmoja atutafsirie, tukaziandika kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani. Anayedai kukosewa hutaja kosa mbele ya watu. Anayedaiwa huchagua uwanja, iwe mgongoni mwa chombo au kwenye mwezi wenye barafu. Kila upande unaleta shahidi, na kazi ya kwanza ya shahidi siyo kushangilia, ni kutafuta suluhu. Mpiganaji akishusha upanga na kusimama, mwamuzi anahesabu hadi tatu. Asipouinua, amekubali kushindwa. Mwisho, mshindi ndiye hutamka hukumu, na hukumu hiyo kikosi kizima huifuata.

Mimi niliongeza sheria moja ya kwangu. Pambano likianza, hakuna kusema. Anayesema ameshindwa. Niliiweka kwa sababu ya matusi, hasa ya kutajiana mama. Ilisaidia sana, na nitasema baadaye ilivyodhuru.

Kwa muda fulani nilipelekwa Isongole, ambako kikundi cha vijana wakulima wa viazi kilifungua ukumbi mdogo. Bosi wangu huko alikuwa Katibu wa kikundi, mtu mpole aliyependa vikao. Kila pambano alitaka liitishiwe kikao kwanza. Mwanzoni nilimwona anapoteza muda, lakini nikiwa mkweli, katika ukumbi wake mapambano mengi yaliisha kabla hayajaanza, watu wakashikana mikono, wakaambiana *ndaga*, yaani asante, wakarudi shambani. Sijui kama mimi niliwahi kufikia uwezo huo.

Niliporudi Tukuyu, Mwenye Ukumbi alikuwa ameshamwachia binti yake. Tulimwita Meneja. Ndiye aliyeleta pedi mpya, yaani vile vishikio vya kuchezea, na akaniagiza nivifute kila asubuhi na kuandika chenye kasoro. Ni chini yake ndipo nilipofanya kosa ninaloandikia haya.

Kikosi bora kwetu kilikuwa cha watu watano. Nahodha wao Lusajo, dereva wa bodaboda wa Isongole. Mshika usukani wao Tupokigwe, msusi mwenye kibanda karibu na soko. Tupokigwe alikuwa amefiwa na mama yake mwaka ule. Alikuja kila alasiri baada ya wateja, akakaa benchi lile lile, na rafiki yake aliyezoea kuwa shahidi wake aliwahi kuniambia kuwa saa zile mbili ndizo pekee anazocheka.

Siku moja walijipanga kukivizia kikosi cha Mbeya nyuma ya sayari fulani. Walipofika, wa Mbeya walikuwa wanawangoja. Mtu alikuwa ametoa siri. Lusajo akasema ni Tupokigwe, kwa sababu ana binamu Mbeya anayecheza upande ule. Tupokigwe akakana. Likaitishwa pambano, na Lusajo akataja mbele ya watu kwamba akishinda, Tupokigwe atatoka kikosini.

Mashahidi walijaribu suluhu kama dakika mbili hivi. Mimi ningeweza kuwaambia wajaribu zaidi, kama Katibu wa Isongole. Sikuwaambia. Watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni na nadhani nami nilitaka kuona.

"Msusi, vidole vyako vimezoea rasta," Lusajo alimwambia wakati wanakaa.

"Na vyako vimezoea klachi," Tupokigwe akamjibu. "Tutaona."

Niliwagawia pedi mimi mwenyewe. Walipigana vizuri, na ninasema bila kupendelea kwamba Tupokigwe alikuwa mbele. Halafu upanga wake ukashuka. Akasimama katikati ya barafu, hafanyi kitu. Nilimwangalia, alikuwa ananitazama mimi, siyo runinga, macho yamemtoka, kidole gumba kinabonyeza. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Nikasema Lusajo ameshinda.

"Mzee, hii pedi," Tupokigwe alianza.

Nikamkatiza. Nilimwambia neno la mwamuzi halirudi, maana ndivyo Mwenye Ukumbi alivyonifundisha. Lusajo akatamka hukumu. Tupokigwe aliiweka pedi kwenye benchi taratibu, akachukua mkoba wake, akaniaga kwa heshima kama kawaida, akatoka.

Kesho yake asubuhi wakati nafuta pedi, ile ya pili kitufe chake cha kuinua upanga kilizama na hakikurudi. Nilikaa. Nikafungua daftari ili niandike kasoro, na nikaikuta imekwisha kuandikwa, siku tatu nyuma, kwa mwandiko wangu: "Pedi ya pili kitufe kizito, iondolewe." Niliandika, nikasahau kuiondoa, nikampa yeye. Na kwa sheria yangu mwenyewe hakuweza kufungua mdomo kuniambia.

Kwa saa nzima nilifikiria kunyamaza. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli. Niliwaza kwamba mwamuzi akirudisha neno moja, yote aliyowahi kuyasema yatadaiwa upya. Meneja alipofika nikamwonyesha daftari. Aliisoma mara mbili.

"Baba alisema neno halirudi ili watu wasipigane," alisema. "Hakusema ili wewe ulale salama."

Nilimwendea Lusajo kwanza kituoni kwake, kwa sababu ndiye niliyekuwa namnyang'anya ushindi. Nilidhani atakasirika. Aliikagua pedi, akakibonyeza kile kitufe, akatikisa kichwa. Akasema yeye aliona upanga unashuka akajua kuna kitu, maana Tupokigwe hajawahi kushusha upanga, ila alinyamaza kwa kuwa alikuwa anapigwa. Hakulazimika kunieleza hayo. Tukaenda pamoja.

Tulimkuta anamsuka mteja. Sikungoja amalize, niliogopa ujasiri utaniishia. Nilimwambia mbele ya mteja wake kwamba nilimpa pedi mbovu nikiwa nimeshaandika kuwa ni mbovu, kwamba kosa ni langu, na kwamba nimekuja kuomba radhi. Mikono yake haikuacha kusuka.

"Mzee wangu," alisema, "nilikuangalia nikijua utaelewa."

 

Alikubali pambano lirudiwe Jumamosi mchana, kwa pedi ambazo kila mmoja amezijaribu. Niliwatangazia watu kosa langu kabla hawajaanza, na ile sheria ya kunyamaza nikaibadilisha: mpiganaji akiinua mkono, asikilizwe. Wakapigana muda mrefu. Tupokigwe alishindwa. Alishindwa kihalali, kwa nafasi ndogo sana, na alipoushusha upanga nilihesabu polepole kuliko siku zote, lakini hakuinua upanga. Ningependa kuandika vingine.

Watu wakamgeukia Lusajo atamke hukumu. Akajifuta viganja kwenye suruali.

"Abaki," alisema.

"Unaniamini sasa?" Tupokigwe akamuuliza.

"Sijui, dada. Lakini tangu utoke tunagonga kila kitu. Abaki, na nisimsikie mtu analitaja tena."

Tupokigwe alilia kidogo, akacheka akiwa bado analia, akamsukuma Lusajo asogee kwenye benchi apate nafasi yake.

Nani alitoa siri, sijajua. Kama alikuwa yeye, pambano halikuonyesha. Kama hakuwa yeye, halikuonyesha pia. Lilionyesha nani ana vidole vyepesi siku ile. Vijana mnaosoma haya na kuzipenda mila zile za watu wa nyota, nami nazipenda, lakini muwape mashahidi muda wao. Nilichelewa kulifahamu hilo.

Nilistaafu masika yaliyofuata, macho yalipoanza kuuona upanga mmoja kama panga mbili. Meneja alinipa saa ya ukutani na mkono wa asante. Sijui kama nilikuwa mwamuzi mzuri. Daftari zipo kwangu, anayetaka aje azisome.

Juzi Lusajo na Tupokigwe walipita nyumbani, wote kwenye pikipiki moja, wameniletea mkungu wa ndizi. Walikuwa wamebishana njia nzima kuhusu lile pambano la pili, kila mmoja akidai mwenzake alisogea kabla ya ishara. Wakasimama uani, mmoja huku mmoja kule, wakanitaka niamue.

Nikawaambia mimi nimestaafu, waingie tule.