Bastola Mbili za Soko la Nizwa

Kibali changu kinaruhusu bastola moja tu, kwa hiyo pale soko la Ijumaa, Nizwa, sikutaka kukosea. Zilikuwa mbili za zamani, pacha, za risasi ndogo zinazogongwa ukingoni mwa kitako cha ganda. Moja iling'ara kama sinia la harusi, ya pili imechujuka kama sufuria ya ubwabwa.

"Chukua inayong'ara, bwana diploma," alisema shemegi yangu wa Ibra, akaifyatua tupu, ta, ta, ta, kama afanyavyo kila mnunuzi pale.

"Ndivyo mnavyoiua," nikamwambia. Diploma yangu ya ufundi sikuiokota kwenye mnada wa mbuzi. Bastola hizi zikifyatuliwa tupu, nyundo hugonga mdomo wa tundu la risasi. Nikapitisha ukucha kwenye silinda ya ile inayong'ara: mibonyeo kila tundu, risasi haiingii. Ile mbaya ilikuwa salama, maana hakuna aliyeitamani.

Nikainunua mbaya. Shemegi, naye ana kibali chake, akachukua ya kung'ara. Sasa mimi natungua makopo kwetu Bidiya. Yake imetundikwa majlisi, na kila mgeni huisifu. Yangu, mke wangu bado huuliza nimeitoa jaa gani.