Jibu la Mpelelezi

Mama mboga wa ploti yetu hapa Kabiro ndiye aliyeniambia kwanza kwamba fundi wa nguo, jirani yetu, ameombwa ndoa na fundi mwenzake, mwenye kibanda wanachoshonea pamoja Soko la Toi. Alikuwa hajamjibu.

Jumapili tulikusanyika kwa mwenye televisheni kutazama kipindi cha wale wapelelezi wawili, mwanamume na mwanamke, wanaofanya kazi pamoja. Mwanamume akamwambia mwenzake kwamba anampenda. Kabla mwanamke hajajibu, betri ya gari iliyowasha televisheni ikaisha moto, picha ikazimika.

"Akatae!" mama mboga akasema. "Wakikosana, kazi itafanyika aje?"

"Wacha wewe!" mwenye televisheni akamjibu. "Mtu anakukinga risasi na bado unamkatalia?"

Fundi alikuwa akikunja na kukunjua pindo la leso yake. "Na sisi wa cherehani, tusio na risasi?" akauliza. "Kibanda ni chake. Tukikosana, nitashonea wapi?"

Sisi tuliotaka mpelelezi atuamulie mambo hata betri hatukuwa tumechaji.

Kesho yake asubuhi nilimfunga mtoto wangu mgongoni nikapeleka Toi sketi isiyo na kasoro. Nilimkuta fundi na mwenye kibanda wakinywa chai kwa kikombe kimoja. Jirani yetu akaniuliza sketi ina shida gani. Nikamwambia aipunguze kidogo.